FEZA YA MADINI ISINUNUE KUFULI: TUNADAI SEVA HURIA KU SHULE ZA TENKE

Vijana wa Tenke, wa Fungurume, wa Kolwezi,

Karibu asilimia 70 ya kobalti yenye inachimbwa dunia nzima inatoka Kongo, na sehemu kubwa inatoka hapa Lualaba. Shaba ya aina yetu iko ndani ya kila kompyuta. Lakini ku shule nyingi za kwetu informatiki inafundishwa kwa chaki. Mwalimu anachora klavye ubaoni, mutoto anaikopi ndani ya kaye, anapata 8 kwa 10, na hajagusa mashini hata siku moja. Ni haya. Na haya si ya mutoto, si ya mwalimu.

Feza iko. Sheria ya Madini yenye ilibadilishwa tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2018 inasema asilimia 15 ya redevansi inaenda kwa sheferi, sekta, komine ao muji wenye madini inachimbwa. Tena kampuni yenye kuchimba inapaswa kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zenye kuguswa na mugodi. Hii si musaada wala zawadi ya Noeli. Ni haki.

Basi tunauliza swali yenye wakubwa wa proje hawapendi: wakati feza ile inanunua kompyuta za shule, inanunua nini kweli?

Munajua namna inapitaka. Mashini zinafika, riboni inakatwa, picha zinapigwa. Ndani muko programu ya kulipia, ao ya kukrake. Kisha mwaka mumoja laisensi imeisha, flashi zimeleta virusi, na mutu mwenye anajua neno la siri yuko mbali, hajibu simu. Chumba kinafungwa. Kufuli moja iko ku mulango, kila mutu anaiona. Ingine iko ndani ya programu, na ufunguo wake haujafika Tenke hata siku moja.

Sisi tunadai kitu kingine: seva ya shule yenye kutumia programu huria. Seva ni mashini moja yenye inaweka vitabu, masomo na mazoezi, na kuvigawia mashini zingine na simu kwa waya ao kwa wifi. Programu huria ni ile yenye laisensi yake inakuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote, kuifungua na kuona namna inatumika, kuikopi na kuigawia wengine, na kuibadilisha. Hauombi mutu. Haulipi laisensi kila mwaka.

Tunajua majibu yenye watatupa. Tuyachukue moja moja.

Watasema: Tenke haina intaneti ya nguvu, na mega ni bei. Njo maana tunataka seva! Kiwix inaingiza Wikipedia ya Kifaransa nzima ndani ya kadi ya giga 128, na fasi inabaki. Kolibri, ya shirika Learning Equality, ilitengenezwa kwa ajili ya fasi zenye hazina intaneti: video na mazoezi ya hesabu yanakaa ndani ya seva, mutoto anayafungua kupitia wifi ya shule bila kukata mega hata moja. Mutu anaenda Kolwezi kuchukua masomo mapya kwa diski, anarudi nayo, basi.

Watasema: umeme unakatika. Kweli. Lakini seva ndogo ya aina ya Raspberry Pi inakula chini ya wati 15. Umeme wa jua na batri vinaitosha. Na batri, sisi watu wa Lualaba hatuhitaji kufundishwa kobalti yake inatoka wapi.

Watasema: ni vitu vya maskini. Uongo. Tangu mwezi wa 11 mwaka 2017, kompyuta 500 zenye nguvu kupita zote duniani zinatumia Linux, zote. Jandarmeri ya Ufaransa inatumia Linux ku ofisi zake. Kule Kerala, Uhindi, shule za serikali zinafundisha kwa programu huria kwa miaka zaidi ya 15. Na simu ya Android yenye unasomea maneno haya, moyo wake ni Linux. Maskini ni nani sasa?

Watasema: mashini zetu ni za zamani. Microsoft ilimaliza musaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, na mashini nyingi zenye ziko nzima haziwezi kupokea Windows 11. Linux nyepesi inazirudishia uzima. Kwa nini tununue mupya kwa amri ya mutu wa mbali?

Watasema: nani ataitengeneza? Sisi.

Na hapa njo kuko mapigano yenyewe. Tusidanganyane: huria si bure kabisa. Diski inaharibika, batri inachoka, fundi anakula. Lakini angalia feza inaenda wapi. Ya laisensi inapanda ndege, haturudishii kitu. Ya fundi inabaki hapa, mukononi mwa kijana wa Tenke mwenye kesho atafundisha mwingine. Mwaka 2004, ku Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu walichukua OpenOffice wakaitia Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Hawakungojea ruhusa ya kampuni, juu laisensi ilikuwa imekwisha kuwapa. Programu yenye kufungwa ingewaambia: mungojee.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila proje ya kompyuta yenye kulipwa na zile 15% ao 0,3% ibandikwe ukutani mwa shule: bei, laisensi, siku ya kuisha, jina la mwenye kuitengeneza.
2. Seva moja huria kwa kila shule ya sekondari ya Tenke, yenye masomo ya Kifaransa na ya Kiswahili.
3. Mbele mashini zinunuliwe, vijana wawili kwa kila shule wafundishwe, na walipwe. Hakuna kazi ya "volontere" wa milele.
4. Ofisi na kampuni zenye kutoa kompyuta za zamani zizipeleke ku shule kwanza, mbele ya soko.

Na wewe, usibonyeze "napenda" na kulala. Enda kwa prefe, enda kwa komite ya wazazi, kwa heshima, lakini usitoke bila majibu matatu: Nani alituuzia? Laisensi inaisha lini? Neno la siri liko mukononi mwa nani?

Shaba ikishatoka, shimo njo linabaki. Shule yetu ibaki na ufunguo.