Chuma cha Nyanya Kimeshinda Vikaango Vitatu

Kabla hamjanicheka na kusema kwamba mwanachama mzima wa Chama cha Kiswahili amekosa la kuandika hadi akaingia jikoni, naomba mnisikilize. Habari hii si ya jikoni tu. Ni ya mfuko wa mzazi, na mfuko huo ndio unaotulipia karo.

Mamangu huuza chapati na mayai ya kukaanga kando ya barabara huku kwetu Ndara. Saa kumi na moja alfajiri jiko la makaa limeshawaka, na wateja wake wa kwanza ni vijana wa bodaboda na wafanyakazi wanaoelekea Voi. Kwa miaka mingi alitumia chuma cha chapati alichopewa na nyanya: cheusi tititi, kizito, hakina hata mkono wa kushikia. Halafu siku moja akarudi kutoka sokoni Voi na fraipani mpya, ile ya nonstiki, yaani kikaango kisichonata. Jamani! Yai lilikuwa likiteleza lenyewe kama liko juu ya barafu. Chuma cha nyanya kikatupwa nyuma ya nyumba, kuku wakakifanya chombo cha kunywea maji.

Raha hiyo haikufika miezi mitano. Kikaango kilianza kubabuka kama ngozi iliyoungua. Chapati zikatoka na vipande vyeusi, mpaka mteja mmoja akauliza, "Mama, leo umetia nini humu?" Mama akanunua cha pili. Hicho kikabenuka chini, kikawa kinayumba jikoni kama mlevi. Akanunua cha tatu, na pesa alizonunulia zilikuwa za kitabu changu cha fasihi. Nilirudi shuleni mikono mitupu, muhula mzima nikawa nachungulia kitabu cha jirani. Kikaango chenyewe nacho kikababuka. Ndiyo maana leo naandika.

Je, mwenye duka alimdanganya mama? Sisemi hivyo. Nimesoma kidogo kuhusu vyombo hivi, na naona kosa liko mahali pengine.

Ile rangi nyeusi ya ndani ni aina ya plastiki. Iligunduliwa mwaka wa 1938 na Mmarekani Roy Plunkett, tena kwa bahati tu, alipokuwa akishughulikia gesi za friji. Mnamo 1954 Mfaransa Marc Grégoire akafaulu kuishikisha kwenye chombo cha alumini, na mwaka wa 1956 kampuni ya Tefal ikaanzishwa. Sasa, plastiki hiyo haipendi moto unaopita nyuzi 260 hivi. Ukipita hapo huanza kuharibika, na ukizidi sana hutoa mvuke ambao umewahi kuua ndege wanaofugwa ndani ya nyumba. Nasi tunajua kuwa kwa wengi wetu kuku hulala jikoni!

Jiko la makaa halina kitufe cha kupunguza moto. Kikaango kitupu juu ya makaa mekundu huweza kupita nyuzi hizo kwa dakika chache tu, na chapati nayo hutaka chombo kiwe moto kwanza kabla ya kuwekwa. Jioni tunakuja na mchanga na waya wa kusugulia. Kitapona wapi? Chombo hiki kinafaa moto mdogo wa gesi, mwiko wa mti na sponji laini. Mwenye navyo akitumie, kitamfaa kwa mayai yake. Kwa mama wa makaa, ni kununua leo na kununua tena kesho.

Maoni yangu ni haya: kikaango kisichonata tulikuwa nacho siku zote, tukakipa kuku. Chuma kikipakwa mafuta kidogo sana na kuchomwa hadi kitoe moshi, yale mafuta hugeuka ngozi ngumu na laini. Ukirudia mara nne au tano, unga haushiki tena. Kila chapati unayopika inaongeza ngozi hiyo. Yaani kinazidi kuwa kizuri kadiri kinavyozeeka, ilhali kile kingine huanza kuharibika tangu siku ya kwanza.

Najua kuna watakaosema chuma ni kizito na hushika kutu. Kweli, ni kizito. Kutu nayo hushika ukikilaza na maji, au ukikipikia nyanya na ukwaju kwa muda mrefu hata ile ngozi ikatoka. Lakini kutu husuguliwa ikaisha, ukapaka mafuta, mambo yakaendelea. Plastiki ikishabambuka hairudi. Na usipokuwa na chuma cha kurithi, mafundi wa jua kali wapo; mwambie akukatie bamba nene lisilobenuka motoni.

Likizo iliyopita mimi na mama tulikiokota chuma cha nyanya. Tulikisugua kwa mchanga, tukakikausha motoni, tukakipaka mafuta. Sitawaficha: siku mbili za kwanza chapati zilishika, na mama akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Wiki ya pili zilikuwa zikiteleza. Hajanunua kikaango tena.

Ombi langu kwa walimu wa Sayansikimu ni kwamba somo la kutunza chuma lifundishwe jikoni, chapati zikipikwa. Nanyi wenzangu mnaoona haya mgeni akikuta chuma cheusi kwenu, acheni. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sisi kidonda hicho tumekilipia mara tatu, na kitabu cha fasihi bado sijanunua.