Mtabiri wa tetemeko la ardhi na mtaalamu: mbona hawaelewani?

Sisi wa Kolo tunaishi ukingoni mwa Bonde la Ufa. Ardhi ikitikisika, hakosi mtu wa kusema alijua mapema, kwa kutazama mifugo au mwezi, ila wataalamu wanampuuza. Je, wanamwonea?

Tutazame mfano. Februari 3, 2023, Frank Hoogerbeets wa Uholanzi, ambaye si mtaalamu wa matetemeko, aliandika mtandaoni kwamba ipo siku tetemeko la takriban 7.5 litapiga eneo la Uturuki na Syria. Februari 6 likapiga la 7.8. Watu wakamsifu, wataalamu wakakataa. Hakutaja siku, na hatari ya eneo lile ilijulikana zamani.

Wataalamu wanadai mambo matatu yatajwe kabla: siku, mahali na ukubwa. Kisha wanahesabu utabiri uliotimia na ule ulioshindwa pia. Hata wao wenyewe hawajawahi kutabiri tetemeko kubwa kwa kipimo hicho. Anayesema tu "Bonde la Ufa litatikisika" hawezi kukosea, lakini hajatusaidia kitu.

Kwa hiyo, mwenye dalili zake aziandike kwenye daftari, tarehe na saa, azifikishe Taasisi ya Jiolojia, GST, pale Dodoma, kabla ya tukio.

Sisi wengine tukague kuta zetu. Kagera, Septemba 10, 2016, tetemeko la 5.9 liliua watu, na nyumba nyingi zilianguka. Ukuta imara hausubiri utabiri.