MLINZI NA AKIJUE ANACHOKILINDA

Mwanajeshi apewapo lindo, jambo la kwanza analoonyeshwa ni kile anachopaswa kukilinda: ghala hili, daraja lile, lango lile pale. Asiyejua anachokilinda huyo halindi, amesimama tu. Leo twapenda kuwakumbusha wanajeshi na askari polisi wa nchi yetu ghala moja la taifa ambalo wengi wao wamepita ubavuni mwake, wakienda Mutukula au wakirudi, bila ya kuingia ndani hata mara moja. Ghala hilo ni msitu wa Malabigambo, mkubwa kuliko misitu yote ya Sango Bay, katika wilaya ya Kyotera, karibu na Ziwa Victoria.

Msitu huu haufanani na misitu mingine mliyoizoea katika mazoezi. Ardhi yake ni tambarare, nayo imeinuka kidogo tu kuliko ziwa, na Mto Kagera unapita jirani. Mvua za masika zinapoanguka, mto hufura, maji hupanda na kuingia msituni polepole, mpaka miti mikubwa ikawa imesimama ndani ya maji. Mvua zikipita, maji hushuka na kuacha tope jeusi na majani yaliyooza. Hali hiyo imeendelea tangu kabla ya babu zetu kuzaliwa, na miti ya huko imejifunza kuishi nayo.

Miongoni mwa miti hiyo umo ule ambao maseremala wanauita podo, wenye shina lililonyooka na mbao laini ya rangi ya manjano hafifu. Kwa desturi podo ni mti wa milimani, penye baridi na ukungu. Hapa umeshuka hadi kandokando ya ziwa, ukaota bega kwa bega na miti ya misitu ya joto ya Kongo. Wataalamu wengi wanaona kuwa ni masalio ya zama za kale, wakati nchi hizi zilipokuwa na baridi kuliko sasa. Pamoja nao umo mti uitwao kwa jina la kitaalamu Baikiaea, wenye maua makubwa meupe yafunguayo usiku, na maganda ya mbegu ambayo yakikauka hupasuka kwa kishindo. Kuruta aliye katika lindo lake la kwanza aweza kudhani ni risasi. Juu ya matawi wamo mbega, na katika mbuga za nyasi zilizo kandokando huja kila mwaka mbayuwayu wa buluu, ndege adimu azaliwaye kusini mwa Afrika, ambaye huvuka mipaka ya nchi kadhaa bila ya pasi wala kibali ili apitishe kwetu miezi ya katikati ya mwaka.

Dunia imekwisha kuutambua utajiri huo. Uganda ilijiunga na Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu mwaka 1988, na mwaka 2006 Sango Bay, Kisiwa cha Musambwa na ardhi oevu ya Kagera viliandikwa pamoja katika orodha ya mkataba huo. Wala si kwa ajili ya ndege peke yao. Mto Kagera ndio mkubwa kuliko mito yote iingiayo katika Ziwa Victoria. Kinamasi na msitu hupokea mafuriko, huyatuliza na kuyachuja matope kabla hayajafika mahali pa samaki. Mwaka 2020, ziwa lilipopanda na kuvunja kipimo cha miaka ya 1960, walioishi ufukweni waliona wenyewe jinsi maji yalivyo na nguvu pale yanapokosa mahali pa kupumzika.

Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, kwa kufuata mstari wa digrii 1 kusini mwa ikweta, uliukata msitu huu vipande viwili. Sehemu ya pili, Minziro, yenye kilomita za mraba zipatazo 250, iko Tanzania. Mara mbili katika karne iliyopita majeshi yalipigana katika nchi hii ya Kagera: katika Vita Kuu ya Kwanza, na tena Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kupora mali na mifugo ya wanavijiji, vita ambavyo Kampala ilitekwa mwezi wa Aprili 1979. Askari wa siku zile waliutazama msitu kama maficho tu. Sisi tunao wakati wa amani, na wakati wa amani hauna udhuru.

Hapa ndipo penye neno letu. Podo iliyokatwa usiku haitoki msituni kwa miguu yake. Hupakiwa katika lori. Lori hupita barabarani. Barabarani pana kizuizi. Na kwenye kizuizi yupo askari. Magendo yote ya mbao hupita mbele ya macho ya mtu aliyevaa sare. Twajua kwamba mshahara wa askari si mkubwa, kwamba usiku ni mrefu, na kwamba pengine simu hulia na sauti ya mkubwa fulani ikaamuru lori lipite. Twajua pia kuwa ni rahisi zaidi kumkamata maskini mwenye shoka na mzigo wa kuni kuliko kumsimamisha mwenye lori. Lakini sheria inayomfunga mwenye shoka na kumpigia saluti mwenye lori si sheria tena.

Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 237, inasema kwamba serikali inashika maziwa, mito, ardhi oevu na hifadhi za misitu kwa amana ya wananchi. Amana si mali ya waziri, wala ya kamanda, wala ya mwenye lori. Mbao ipitayo kizuizini kwa noti chache imeibwa kwa raia wote, na miongoni mwao wamo watoto wa askari yule yule aliyeinua kizuizi.

Kwa hiyo twashauri jambo jepesi. Askari apatapo likizo, hasa Juni au Julai maji yanapopungua, na aende Malabigambo kama mgeni. Apate ruhusa kwa maofisa wa Mamlaka ya Misitu ya Taifa, afuatane na mlinzi wa msitu, aiache bunduki kambini, avae viatu virefu, na awachukue wanawe. Asimame chini ya podo moja kubwa na kuuweka mkono wake juu ya gome lake. Makamanda nao wangefanya vema kuwapeleka makuruta, wakae kimya kwa saa moja na kusikiliza.

Mtu aliyewahi kusimama hapo hatahitaji kuhubiriwa tena. Usiku lori litakapofika kizuizini na turubai lake limefungwa vizuri, atajua kilicho chini yake, atakumbuka mahali kilipotoka, na atamwambia dereva azime injini na kushuka.