Kuchora Khanga Sio Kukopi

Yule dada mchoraji wa Dar kaachia michoro mipya na mtandao umechafuka. Kila mchoro umepangwa kama khanga: pindo pande zote, mji katikati, jina kwa chini. Ila kwenye mji, pale panapokaaga korosho au maua, kuna konda ananing'inia mlangoni mwa daladala, au bodaboda kabeba godoro. Mwenyewe anasema yote yametoka kwenye sanduku la khanga za bibi yake.

Basi watu: "Kakopi!" Kakopi nini sasa? Mpangilio wa khanga hauna mwenyewe. Edward Tingatinga alianza kupaka hapo hapo Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, na leo wanaofuata staili yake hawahesabiki. Nani anawaita wezi?

Cha ajabu, wapiga kelele hao hao wamemweka konda wake DP. Jina la khanga lipo, jina la mchoraji limekatwa! Wengine washachapisha fulana, wanauza, dada hajaona hata mia. Wenye fulana wamlipe kwanza, ndipo stori za kukopi ziendelee.