Nokia 5800 na muziki wa Moro

Nokia 5800 XpressMusic ilitangazwa mwaka 2008, na sisi wa Mgeta, Morogoro, hatuwezi kuisahau. Kwa muziki, simu ile ya kupangusa ilikuwa mwisho wa mambo: spika mbili, tundu la kawaida la hedifoni, na memori kadi ya GB 8 ndani ya boksi. Ukishuka nayo Moro mjini, kadi inajazwa nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na Salum Abdallah, kisha unapanda zako Uluguru bila kuwaza bando wala mtandao. Betri yake, BL-5J, inatoka; ukiwa na ya akiba, gitaa la Mbaraka linalia shambani hadi jioni. Kioo chake kiliitikia hata ukucha, jambo jema kwa mwenye udongo wa karoti vidoleni, ila kuandika meseji ndefu ni mateso. Redio haishiki bila waya wa hedifoni. WhatsApp nayo iliacha kufanya kazi kwenye Symbian, mfumo wa simu hiyo, mwaka 2017.

Watengenezaji wa leo wengi wameondoa tundu la hedifoni na nafasi ya kadi. Wavirudishe. Huku milimani bado tunasikiliza nyimbo za kwenye kadi.