Mshauri mwelekezi, majibu ya bibi yako wapi?

Leo mnivumilie, nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Msimu mmoja wa korosho niliokota kibarua cha ukalimani. Kampuni moja ya vyakula ya ng'ambo ilimlipa mshauri mwelekezi aje Newala kuangalia kama korosho na juisi ya mabibo ni biashara inayolipa. Tulizunguka na shangingi siku mbili. Mkunya tulikaa asubuhi moja tu. Bibi mmoja alikuwa chini ya mkorosho anatenganisha korosho na mabibo, mgeni anauliza, mimi nageuza Kiswahili. Una miti mingapi? Mnakula nini asubuhi? Mabibo mnayafanyia nini? Bibi akajibu yote bila kuchoka. Mwisho akanigeukia mimi.

"Mjukuu wangu, mwaka juzi walikuja wengine wakauliza hayahaya. Majibu yetu mlipeleka wapi?"

Sikutafsiri. Nilimwambia mgeni kwamba bibi anashukuru. Nikachukua posho yangu, nikaondoka.

Sasa niwaulize wadau: majibu huwa yanakwenda wapi? Yanaingia kwenye kabrasha la Kiingereza linalouzwa kwa aliyelipa. Kampuni ikilipenda inakuja, isipolipenda inakwenda Vietnam au India, ambako sehemu kubwa ya korosho zetu ghafi inabanguliwa. Mshauri keshalipwa. Aliyetoa taarifa bure hapati hata nakala. Huu ni usanii mtupu!

Na si jambo jipya huku Kusini. Mwaka 1946 kampuni ya United Africa, tawi la Unilever waliokuwa wanatafuta mafuta ya kutengenezea siagi ya mimea, ilitoa wazo la kulima karanga Tanganyika. Serikali ya Uingereza ikatuma wataalamu. Wakazunguka wiki 9, sehemu kubwa wakiwa angani kwenye ndege, kisha wakaandika ripoti ya kulima ekari zaidi ya milioni 3 Afrika Mashariki na Kati. Kongwa, Urambo na jirani zetu wa Nachingwea wakaingizwa kwenye mradi. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji, mvua nazo hazikusoma ripoti. Januari 1951 mradi ulizikwa, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Hata reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, iling'olewa miaka ya 1960.

Mtasema hao walikuwa wakoloni. Haya, tuje kwetu. Baada ya uhuru tulijenga viwanda zaidi ya 10 vya kubangua korosho, Newala na Masasi vikiwemo, vingi kwa mkopo wa Benki ya Dunia na mitambo ya Italia na Japani. Ramani safi, upembuzi yakinifu upo. Lakini uzalishaji uliofika tani 145,000 msimu wa 1973/74 ukaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei ikawa ya kukatisha tamaa, ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua. Viwanda vikakosa cha kubangua na vingi vikaishia kuwa maghala. Deni halikugeuka ghala.

Msinielewe vibaya, sisemi ushauri haufai. Waliotusaidia kuupiga ubwiriunga ni watafiti wa Naliendele, pale Mtwara. Walijaribu salpha kwenye miti yenyewe, msimu hadi msimu, wakarudi kuona kama maua yamefunga. Miaka ya 1990 korosho zikaanza kufufuka. Tofauti ni nini? Wa Naliendele akikosea, kesho anakutana na mkulima sokoni. Mshauri wa wiki mbili akikosea, yuko uwanja wa ndege.

Halafu kuna suala la lishe, ambalo kampuni hizi hulipenda sana kwenye vipeperushi vyao. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mabibo yana vitamini C kuzidi machungwa, lakini yakianguka yanaoza ndani ya siku moja au mbili. Mengine yanakaushwa, mengine yanageuka uraka. Hapo ndipo ushauri unahitajika. Lakini hadidu za rejea zinauliza mteja wa ng'ambo atakula nini, haziulizi mtoto wa Mkunya atakula nini.

Mimi napendekeza mambo mawili, na halmashauri zetu zina uwezo wa kuyasimamia. Kwanza, hakuna ruhusa ya kuhoji wanakijiji bila ahadi ya kurudi na muhtasari wa Kiswahili, usomwe kwenye mkutano wa kijiji. Pili, pale ushauri unapolipiwa kwa fedha za umma, sehemu ya malipo ishikiliwe mpaka misimu miwili ipite. Anayeamini kazi yake atakubali.

Na sisi vijana tuliosoma, tunaobeba mikoba na kutafsiri, tuache kuuza bibi zetu kwa posho. Mimi nikiitwa tena, nitatafsiri swali la bibi kama lilivyo, hata kama kibarua kitaota nyasi.

Nawakilisha.