Wastani wa nani?

Kuna mwamba mmoja huko Tahiti, katikati ya Bahari ya Pasifiki, unaitwa Teahupo'o. Kama jina limewapita, kumbukeni Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024. Wakati wenzao wanakimbia na kuogelea Ufaransa, wachezaji wa kuteleza juu ya mawimbi walipelekwa kwenye mwamba huo, zaidi ya kilomita 15,000 kutoka Paris. Huko ndiko ilikopigwa ile picha iliyozunguka dunia, ya Mbrazili Gabriel Medina akiwa hewani, kidole juu, ubao wake nao umesimama wima pembeni utadhani wamepangwa na mpiga picha wa harusi.

Wengi waliishia kwenye picha. Mimi nilivutiwa na ratiba. Mashindano yale hayakuwa na saa maalumu kama mechi ya Simba na Yanga. Waandaaji walitenga siku kadhaa, kisha wakawa wanasoma utabiri. Bahari ikikataa, watu wanarudi kulala. Ikikubali, wanaingia majini. Yaani tamasha kubwa kuliko yote duniani lilikaa likisubiri taarifa ya hali ya hewa ya mwamba mmoja.

Mkipata nafasi, someni utabiri wa miamba ya namna ile. Hausemi "bahari itachafuka". Unatoa urefu wa wimbi kwa mita. Unatoa sekunde zinazopita kati ya wimbi moja na linalofuata. Unasema wimbi linatoka upande gani, upepo utavuma kuelekea wapi asubuhi na utageuka saa ngapi, maji yatajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi. Mwisho unasema utabiri huo ni wa nani: hapa ni kwa wazoefu tu, mwamba uko karibu na uso wa maji, ukianguka vibaya unachanika.

Kila namba pale ina kazi. Chukua hizo sekunde. Wimbi la mita 2 linalokuja kila baada ya sekunde 6 ni fujo ya upepo wa jirani. Wimbi la mita 2 hizo hizo linalokuja kila baada ya sekunde 14 limetoka mbali na limebeba nguvu zaidi ya mara mbili. Urefu ni ule ule, shughuli ni nyingine kabisa. Mtu akikupa mita bila sekunde amekupa nusu ya habari, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayovunja mgongo.

Msidhani haya ni mambo ya Wazungu wenye muda wa kuchezea. Nendeni Paje au Matemwe, pwani ya mashariki ya Unguja. Mawimbi makubwa yanapasukia kule nje kwenye mwamba, huku ndani maji yametulia. Mvuvi anayetaka kutoka lazima apite kwenye mlango wa mwamba, na mlango hauingiliki saa yoyote tu. Anahesabu bamvua na maji mafu, anajua kusi ya mwezi wa saba siyo ya kuchezea, anajua kaskazi itaingia lini. Vijana wanaovutwa na tiara pale Paje wanaishi kwa kalenda hiyo hiyo: kusi kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, kaskazi kuanzia Desemba hadi Februari au Machi. Wote hawa ni wataalamu, na mtaalamu haridhiki na neno moja.

Sasa twende bara. Twende Goweko.

Kwa wasioijua reli ya kati, Goweko ni stesheni ya wilaya ya Uyui, mkoa wa Tabora. Ukitoka Dar unaipata baada ya Nyahua na kabla ya Igalula, karibu kilomita 800 kutoka baharini. Hakuna wimbi hapo. Kuna miombo, nyuki, mahindi, karanga, mpunga wa mbugani na tumbaku. Mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Ukikosea mwanzo wa msimu huo, hakuna vuli ya kukuokoa wala masika ya kurekebisha. Unasubiri mwaka mwingine.

Baba yangu mdogo analima huko. Mwaka mmoja, mvua zikikaribia, nilimpigia simu. Baada ya shikamoo na habari za wote nyumbani, nikamuuliza kama wamesikia utabiri wa msimu.

"Tumesikia, baba," akaniambia. "Redio imesema mvua zitakuwa za wastani."

"Sasa mnapanda lini?"

Akacheka. "Wewe ndiye uliyesoma chuo kikuu, hebu nisaidie. Wastani wa nani?"

Lile swali nimelifanyia hesabu. Katika tabiri za mamlaka yetu ya hali ya hewa, TMA, mvua za wastani ni zile zinazoangukia kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa eneo husika. Chini ya 75 ni chini ya wastani, juu ya 125 ni juu ya wastani. Ni kipimo halali, na kina maelezo yake kwa anayeusoma utabiri wote. Lakini chukua eneo linalopata milimita 900 kwa mwaka, kiasi ambacho siyo kigeni kwa Tabora. Asilimia 75 yake ni milimita 675. Asilimia 125 ni milimita 1,125. Kwa hiyo msimu wa milimita 675 ni wastani, na wa milimita 1,125 nao ni wastani. Katikati kuna pengo la milimita 450. Huo wa kwanza unaweza kumwacha mkulima anatazama mahindi yakijikunja, huo wa pili ukaozesha karanga shambani. Redioni yote mawili yanabaki neno moja.

Na hapo bado hatujagusa mpangilio. Mvua ya mwezi mzima inaweza kushuka kwa siku nne, kisha jua la wiki tatu. Ukijumlisha mwisho wa mwezi unapata wastani mzuri kabisa, na shamba limekufa. Mkulima aliyenunua mbegu ya dukani akaipanda kwenye mvua ya kwanza ya udanganyifu atarudi dukani tena kama ana hela. Wa tumbaku ana mzigo zaidi, kwa sababu miche inaondoka kitaluni ikitegemea mvua hiyo hiyo, na pembejeo amekopa kupitia chama cha msingi. Deni halijui wastani. Siku ya soko linakatwa lote.

Kuna atakayesema namwonea mtabiri. Hapana, na nataka tuwe wa haki. Kutabiri mvua ya Goweko ni kugumu kuliko kutabiri wimbi la Tahiti. Wimbi kubwa linazaliwa na dhoruba ya mbali sana, na likishazaliwa linasafiri. Kundi la mawimbi ya sekunde 14 kwenye kina kirefu linakwenda kama kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao abiria wa treni yetu ya zamani wanaufahamu. Likitokea kilomita 4,000 kutoka kwako, una siku nne za kujiandaa. Wingu la mvua la Tabora halikupi nafasi hiyo. Linajijenga mchana kwa joto, linamwaga jioni kijiji hiki na kuruka kijiji cha pili. Hakuna anayeweza kukwambia leo kwamba Alhamisi ya wiki ijayo itanyesha shamba la fulani.

Ndiyo maana nasema tatizo siyo sayansi peke yake. Ukiuchukua utabiri wa msimu wa TMA wenyewe, siyo ule uliopita kwenye midomo ya watu, unakuta mambo mengi kuliko "wastani". Unakuta wiki ambayo mvua zinatarajiwa kuanza na wiki ya kuisha. Unakuta uwezekano wa vipindi virefu vya ukavu. Unakuta ushauri kwa wakulima, wafugaji na wengine. Miaka ya karibuni tabiri hizo zimeanza kushuka hadi ngazi ya wilaya. Na mbele ya hatari, mamlaka inatoa viwango vyake: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa.

Tumeona pia kwamba taarifa ikifika imekamilika, watu wanaitumia. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaisogelea pwani yetu, taarifa zilitoka mfululizo zikitaja kilipo, kinakoelekea na mikoa itakayoguswa. Boti za Dar na Zanzibar zikasimamishwa. Ukikumbuka MV Skagit iliyozama karibu na Chumbe Julai 2012, bahari ikiwa imechafuka kwa upepo mkali, utaelewa thamani ya boti kubaki imefungwa gatini.

Kinachofanyika kati ya makao makuu na Goweko ndicho kinachoniuma. Taarifa ya kurasa nyingi inaingia chumba cha habari, inatoka aya mbili, tena chini ya tangazo la mnada. Wiki ya kuanza mvua imekatwa kwa sababu "ni ndefu". Uwezekano umekatwa kwa sababu "unachanganya wasomaji". Inabaki "mvua za wastani", na kichwa cha habari: Wakulima watakiwa kujiandaa. Wajiandae kwa nini? Kwa milimita 675 au 1,125?

Nyuma ya mkato huo kuna dharau, tuiseme bila kuipamba. Sisi wa mjini tumeamua kwamba mtu wa kijijini hawezi kubeba namba mbili kwa mpigo. Anayekwenda baharini kuteleza kwa starehe anaaminiwa mita, sekunde, nyuzi na saa. Anayekwenda shambani kutafuta chakula cha watoto wake na ada ya shule anapewa neno moja na kuambiwa alime kisasa.

Dharau hiyo haina hata historia ya kusimamia. Karne ya 19, njia kuu ya misafara ilipita ukanda huo huo: ukimaliza nyika kavu ya Mgunda Mkali unatokeza Tura, kisha Rubuga, kisha Unyanyembe. Burton na Speke waliipita mwaka 1857 wakiwa nyuma ya watu walioijua. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ilikuja baadaye kabisa. Biashara ile yote ilikwenda kwa hali ya hewa. Pwani ilisubiri kaskazi ilete majahazi na kusi iyarudishe. Wapagazi wa Kinyamwezi nao walivuna, wakashuka pwani kiangazi, wakahesabu siku za kurudi ili mvua ziwakute nyumbani na jembe mkononi. Mtu aliyekuwa anapanga safari ya miezi kwa kulinganisha pepo za Bahari ya Hindi na mvua za Unyamwezi, leo mjukuu wake tunamwambia namba zitamchanganya!

Napendekeza nini? Mambo manne, wala hayahitaji mfadhili.

Kwanza, gazeti au redio ikitaja "wastani", itaje na milimita za eneo hilo, kuanzia ngapi hadi ngapi. Mkulima atajua mwenyewe kama zinamtosha mahindi au mtama.

Pili, mwanzo wa mvua na vipindi vya ukavu vipewe nafasi ya juu kuliko jumla ya msimu. Jumla ni ya watu wa takwimu. Mwanzo ni wa mwenye mbegu.

Tatu, uwezekano usikatwe. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilidhoofika kabla ya kufika nchi kavu, watu wakacheka kwenye daladala kwamba watabiri wametudanganya. Wangekuwa wamezoea kusikia "uwezekano ni wa kiasi hiki", wangejua kwamba kunusurika siyo kudanganywa.

Nne, msimu ukiisha turudi kuuliza: tulisema nini, kikatokea nini? Utabiri wa mawimbi unahukumiwa kila asubuhi na wanaoingia majini, ndiyo maana unazidi kunoa. Wa mvua tunauacha ukapotelea kwenye makabrasha, halafu Oktoba nyingine tunaanza upya kama hatujuani. Kipimo cha mvua shule ya msingi na daftari la mwalimu vingetosha kuanzia. Watoto wangejifunza hesabu, kijiji kikapata kumbukumbu zake.

Najua baadhi yenu mnafanya kazi kwenye vyumba vya habari na wengine kwenye ofisi za wilaya. Taarifa ya msimu itapita mezani kwenu kabla haijafika Goweko. Kabla hamjaikata, jiulizeni kama mngekubali kuingia kwenye mwamba ule wa Tahiti mkiwa mmeambiwa tu kwamba mawimbi leo ni ya wastani.

Kama hamkubali, basi na wao wasilazimishwe kukubali.

Alamsiki.